Fizikia ya Mpemba: sote tunamtetea, lakini nani kati yetu amepima?

mwl_wa_kata (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata huku Tanga, mwaka wa 11 huu kazini. Wiki iliyopita kuna jambo lilitokea kwenye maabara yetu (maabara yenyewe ni darasa lenye meza ndefu na sinki moja) na tangu siku hiyo sijatulia. Naomba mnisome mpaka chini kabla hamjajibu, maana najua linamgusa mtu ambaye wengi tunamhesabu ni wetu.

Kwa wasiomjua: mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu, Magamba Sekondari, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha ili awahi. Mpemba, kwa kuogopa kukosa trei ya mwisho, akaweka yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kuangalia. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amejichanganya, haiwezekani.

Hakuacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, naye akaliibua tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ikageuka utani wa darasa: akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Sentensi ile inaniuma kila nikiikumbuka, kwa sababu mimi nasimama mbele ya ubao uleule. Mwalimu yule hakuwa mjinga, kanuni yake aliijua. Alichokosa ni vikombe viwili na mchana mmoja.

Mpemba akavitafuta vikombe mwenyewe. Bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye friji ya maabara ya biolojia. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza ya moto.

Ndipo akaja Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akamuuliza kama kweli amelifanya hilo. Akasema ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Osborne aliandika baadaye kwamba moyoni alidhani kijana amekosea. Alidhani hivyo, na bado akapima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia, naye wakati huo alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka.

Sasa kwenye andiko hilohilo kuna kisa ambacho nimekifundisha miaka mingi bila kukielewa. Osborne alimpa fundi wa maabara lile jaribio. Fundi akarudi na jibu: ya moto imetangulia kweli. Kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Nilikuwa nakisimulia kama kisa cha fundi aliyeamini kitabu kuliko macho yake. Basi sikilizeni yaliyonikuta.

Wanafunzi wangu wanane wa klabu ya sayansi waliomba kulifanya jaribio la Mpemba kwa ajili ya maonyesho. Tukaazima friza kwa mama jirani na shule. Wakaniletea bango limeandikwa vizuri kabisa: majaribio manne, yote manne maji ya moto yametangulia. Nikafurahi, nikawapongeza. Nikaomba daftari ili nione joto la kuanzia. Kwenye daftari majaribio yalikuwa sita.

Nikauliza mawili yako wapi. Moja, wakasema, umeme ulikatika. La pili mtu alifungua friza kutoa samaki. Sawa. Nikauliza: na katika yale manne, hakuna aliyefungua friza? Kimya. Umeme haukukatika hata mara moja? Kimya. Mwishowe binti mmoja akasema, "Mwalimu, yale mawili yalikuwa yamekosea. Tulirudia mpaka ikaja sawa."

Maneno ya fundi wa Osborne, miaka zaidi ya 50 baadaye, yamegeuzwa upande wa pili. Fundi alitaka maji ya baridi yashinde kwa sababu ya Newton, watoto wangu walitaka ya moto yashinde kwa sababu ya Mpemba. Hawakudanganya, wakuu. Kasoro za yale mawili zilikuwa za kweli. Ila walizitafuta kwenye majibu wasiyoyapenda tu. Na mimi, ambaye nilipaswa kuwa macho, niliona bango linasema ninachotaka nikapiga makofi.

Hilo ndilo ninalolileta. Sisi Watanzania tunamsimulia Mpemba kama ushahidi kwamba mtoto wa Kiafrika alikuwa sahihi na wakubwa walikosea. Tunalinda jibu lake. Je, njia yake tunailinda?

---

mzalendo_iringa

Mwalimu, kwa heshima zote, huu uzi sijaupenda. Mimi nimesoma Mkwawa. Jina la Mpemba ni kati ya machache ya kwetu yaliyoingia kwenye fizikia ya dunia, na leo mwalimu wa Tanga, mkoa alikosomea, anakuja kutuambia tulitilie shaka kwa sababu watoto wa klabu hawakutunza daftari? Tatizo ni la watoto wako. Jambo lenyewe limeshathibitishwa, limo vitabuni, linaitwa kwa jina lake. Hata Aristotle aligusia maji yaliyopashwa moto kuwahi kupoa. Tukianza sisi wenyewe kumchimba, wengine watafanya nini?

---

mwl_wa_kata

Kaka nimekusikia, na wala sikuchukulii vibaya. Nilijua kuna atakayesema hivi na nashukuru umesema wazi.

Lakini neno "limethibitishwa" ndilo linalonitia hofu. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri sababu ya jambo la Mpemba. Maelezo zaidi ya 22,000 yaliletwa. Akashinda Nikola Bregović wa Croatia. Maelezo elfu ishirini na mbili ya *kwa nini*. Mimi najiuliza wangapi kati yao walianza kwa kuhakikisha *kama*.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walilipima Uingereza kwa uangalifu na wakapitia pia vipimo vya waliotangulia. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto yanafika nyuzi 0 kabla ya maji ya baridi. Wakaonyesha na jambo dogo ambalo lilinifanya nisimame: kipimajoto ukikiweka juu au chini kwa tofauti ya sentimita moja tu kati ya chombo na chombo, unaweza kupata "jambo la Mpemba" ambalo halipo. Maji ndani ya chombo hayana joto moja. Ukipima kimoja karibu na sakafu ya bika na kingine karibu na uso, umelinganisha sehemu mbili tofauti, si maji mawili.

Na kuna swali ambalo hata klabu yangu hawakujiuliza: "kuganda" ni nini? Kufika nyuzi 0? Kipande cha kwanza cha barafu kuonekana? Au kuganda kote mpaka chini? Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji, halafu yakaganda kwa ghafla. Osborne alipima muda hadi maji yanapoanza kuganda, na alipata muda mrefu kuliko wote kwa maji yaliyoanza nyuzi 25, na mfupi sana kwa yaliyoanza karibu nyuzi 90. Burridge na Linden walipima kufika 0. Watu wawili wanaweza kubishana mwaka mzima kumbe kila mmoja anajibu swali lake.

Upande wa pili nao uko hai. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, Kanada, walionyesha kitu cha namna hiyo kwa chembe moja ndogo mno ya kioo ndani ya maji, wakiisukuma kwa leza: katika mpangilio fulani iliyoanza "moto" ilifika ubaridi mapema kuliko iliyoanza "vuguvugu". Hapo hakuna friji wala maziwa, lakini wazo kwamba kilicho mbali na mwisho kinaweza kuwahi kufika si upuuzi tena.

Kwa hiyo sijaja kumzika Mpemba. Kwa maji ya kawaida kwenye friza ya kawaida swali liko wazi, na hilo kwangu ni heshima kubwa kwake kuliko sanamu. Aliuliza kitu ambacho miaka 60 baadaye watu wazima bado wanabishana nacho kwa vipimo.

---

barafu_za_mbagala

Shikamoo mwalimu. Mimi si msomi wa fizikia, naishi kwa friza. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju, mafriza mawili, mwaka wa saba. Niseme ninachokiona.

Friza ikiwa na ule ukoko mweupe chini, pakiti ya baridi inakaa juu ya ukoko kama imekalia godoro. Ukiweka ya moto inayeyusha ule ukoko, inazama mpaka inagusa bati lenyewe, halafu ukoko unaganda tena kuizunguka. Ile inashika haraka kweli. Ila friza ikiwa nimetoka kuisafisha siku hiyohiyo, sioni tofauti hiyo. Na ya moto inaharibu zile za jirani, zinalainika. Ndiyo maana mimi napoza kwanza.

---

mwl_wa_kata

Marahaba. Dada, umeandika aya moja yenye kazi kuliko mabango yote niliyosahihisha mwaka huu.

Unajua umefanya nini? Umetaja sababu, halafu ukataja hali ambayo sababu hiyo ikiondoka, tokeo nalo linaondoka: friza iliyosafishwa. Wataalamu nao wamelitaja jambo la ukoko. Osborne bika zake aliziweka juu ya kipande cha povu la polistirini, kwa hiyo chini palikuwa pamezibwa, joto lilitokea juu zaidi. Alipomwaga mafuta kidogo juu ya maji ili kufunika uso, kuganda kulichelewa sana. Alipima pia kama maji yanayopotea kwa mvuke yanatosha kueleza tofauti, akakuta hayatoshi. Ona mtindo wake: kila anachokishuku anakiwekea mtego wake peke yake.

Friza yetu ya kuazima ilikuwa na ukoko wa vidole viwili. Hatukuandika popote.

---

nesi_zamu_ya_usiku

Mwalimu, nimesoma kisa cha wale watoto na "tulirudia mpaka ikaja sawa" nikaweka simu chini kidogo. Kwenu makosa hayo yanaharibu bango. Ngoja niwaletee ya kwetu, kwa sababu wengi hawajui kwamba moja ya tafiti zilizoitikisa tiba ya watoto duniani ilifanyika kwenye wodi zetu, na kituo kimoja kilikuwa Muheza, hapohapo mkoani kwako.

Mtoto anafika na homa kali, anapumua kwa shida au hajitambui vizuri, mikono ya baridi, mapigo dhaifu, ukibonyeza kucha damu inachelewa kurudi. Tulifundishwa sote: huyo yuko kwenye mshtuko (shock, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini), mpe maji ya mshipa mengi kwa haraka. Hospitali kubwa za Ulaya na Marekani ndivyo zilivyofanya. Hakuna aliyebisha. Swali lililokuwepo lilikuwa moja tu, kwamba Afrika maji hayo hayatolewi vya kutosha.

Prof. Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania wakaanza utafiti uitwao FEAST, Januari 2009. Watoto wa hali hiyo waligawanywa makundi matatu: wanaopewa maji ya chumvi (saline) mengi kwa haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ndani ya saa moja, wanaopewa maji yenye albumini (protini ya damu) kiasi hichohicho, na wasiopewa maji ya haraka, wanaobaki na dripu ya kawaida ya polepole. Dawa za malaria, antibiotiki na huduma nyingine wote walipata. Niseme mapema ili mtu asielewe vibaya: watoto wa kuhara na wa utapiamlo mkali hawakuwemo, wale wana taratibu zao.

Mtoto anaingia kundi gani? Hapo ndipo nataka mwalimu utazame. Daktari hakuchagua. Kulikuwa na bahasha zilizofungwa, hazionyeshi ndani, zina namba, zinafunguliwa kwa kufuata namba. Fikiria bila bahasha. Mimi nesi nina huruma, namwona huyu mahututi zaidi, moyo wangu unanituma kumpa ile tiba ninayoiamini. Ningewapa maji walio mahututi, na mwishoni tusingejua kama waliokufa walikufa kwa maji au kwa umahututi wao.

Walipanga watoto 3,600. Januari 2011 kamati iliyokuwa ikitazama takwimu kwa pembeni ikasema simamisheni. Walikuwa wamefika 3,141. Waliofariki ndani ya saa 48: kundi la albumini asilimia 10.6, kundi la saline asilimia 10.5, kundi la dripu ya polepole asilimia 7.3.

Tiba tuliyoamini inaokoa ndiyo iliyokuwa inaongeza vifo. Zaidi ya watoto watatu katika kila mia.

Lililonivunja moyo zaidi lilikuja kwenye uchambuzi wa baadaye. Baada ya saa moja, dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya haraka, na kwa asilimia 32 tu ya wasiopewa. Someni tena hapo. Kwa macho ya nesi aliyesimama kitandani, maji yanafanya kazi. Mikono inapata joto. Mama anatabasamu. Unaandika kwenye faili "anaendelea vizuri", zamu yako inaisha, unakwenda nyumbani na uhakika wako. Kifo kinakuja kwenye zamu ya mwenzako, naye atasema mtoto alifika amechelewa.

Hakuna nesi mwenye uzoefu wa miaka 30 angeweza kuligundua hilo kwa uzoefu wake. Uzoefu ndio uliokuwa unatuambia tuendelee.

---

mwl_wa_kata

Dada yangu, asante. Nimeisoma mara tatu. Muheza nimepita mara ngapi sijui, na hili sikulijua.

---

fundi_simu_arusha

Nesi umenigusa mahali. Mwaka 2011 huohuo mama yangu alikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, ile dawa ya mitishamba. Shilingi 500. Alikuwa na sukari. Magari yalikuwa yamepangana mpaka hujui foleni inaanzia wapi. Aliporudi alisema anajisikia mwepesi, na kweli tulimwona amechangamka, anacheka, anakula. Sisi nyumbani tukawaambia majirani inaponya. Mashine ya kupima sukari ilikuwa kabatini. Hakuna aliyeitoa. Tuliogopa kuonekana hatuna imani.

Sisemi ilifanya kazi wala haikufanya. Nasema tulikuwa na kifaa cha kujua tukakiacha kabatini, halafu tukatoa ushuhuda. Na waliofia njiani au waliorudi wakazidiwa, wao hawakupita mtaani kutoa ushuhuda.

---

mzalendo_iringa

Sawa, lakini hapo ndipo ninapoona hatari. Leo ni kikombe, kesho mtasema dawa zote za wazee ni uongo mpaka Mzungu aziweke kwenye bahasha.

---

nesi_zamu_ya_usiku

Hapana kaka. Tazama mwanasayansi Tu Youyou wa China. Pakanga tunayoijua sisi, ndugu yake mmoja anatumika China tangu zamani kutibu homa. Walipokuwa wakiijaribu maabara matokeo yalikuwa yanayumba, leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Tu Youyou akarudi kwenye kitabu cha mganga Ge Hong, wa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona kinasema kuloweka majani kwenye maji na kukamua. Hakikusema kuchemsha. Akafikiri labda moto ndio unaoharibu dawa, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo. Ikafanya kazi. Yeye na wenzake wakajinywesha wenyewe kwanza kuona kama ina madhara. Leo dawa mseto ya malaria unayonunua duka la dawa imetoka huko, na mwaka 2015 alipewa Nobel.

Mganga wa kale alikuwa na haki ya kupimwa. Kumpima ndiko kulikofanya dawa yake imfikie mtoto wa Muheza.

Na hiyo bahasha ya FEAST, kwanza kabisa ilibana wataalamu wakubwa na vitabu vyao vya Ulaya. Haikuuliza wazo limetoka kwa nani.

---

kidato_sita_pcm

Shikamooni. Naomba kuuliza. Shuleni tunaandika ripoti ya jaribio tukijua jibu linalotakiwa kabla. Mvutano wa dunia lazima utoke 9.8 au karibu. Ukipata 8.9 kwenye pendulamu unarekebisha muda kidogo, maana alama zinapotea. Wote tunafanya hivyo. Hiyo nayo ni dhambi ya aina hiihii au ni mazoezi tu?

---

mwl_wa_kata

Marahaba mwanangu. Ni hiihii, na mkosaji wa kwanza ni sisi tunaosahihisha. Tunatoa alama kwa 9.8 badala ya kutoa alama kwa daftari. Ukipata 8.9 na ukaandika 8.9, halafu ukasema uzi niliupima kutoka fundo hadi juu ya gololi badala ya katikati yake, hapo umefanya fizikia. Uzi ukiuhesabu mfupi kuliko ulivyo, mvutano unatoka mdogo kuliko ulivyo. Kosa linakwenda upande unaojulikana, unaweza kulikamata. Ukirekebisha muda umelifuta lile jambo pekee lililokuwa la kwako.

Kwangu kuanzia muhula huu alama ziko kwenye daftari. Nimeshawaambia.

Sasa nirudi kwa @mzalendo_iringa, kwa sababu tangu jana namfikiria yeye kuliko wote. Kaka, nimepanga kulirudia jaribio na klabu, na nataka kukuomba jambo. Dada wa Mbagala amekubali kunielekeza namna ya kuisafisha friza ibaki bila ukoko. Mpango ni huu, nauweka hapa kabla hatujaanza ili nisiweze kuugeuza baadaye:

Majaribio 20, hayaongezwi hayapunguzwi. Vikombe viwili vya aina moja, vina alama A na B, maji ya bomba yaliyochemshwa sufuria moja, uzito uleule kwenye mizani. Kimoja kinaanza nyuzi 80, kingine nyuzi 30. Kipi kiwe cha moto na kipi kikae kushoto vinaamuliwa kwa kurusha sarafu, kila mara upya. Chini tunaweka povu. "Kuganda" tumekubaliana ni uso wote wa juu kufunikwa na barafu. Friza inafunguliwa kila baada ya dakika 15 kwa picha moja ya vikombe vyote viwili, hata kama mwenye samaki analia. Umeme ukikatika zaidi ya dakika 5 jaribio linafutwa palepale kabla ya mtu yeyote kuangalia vikombe, na linaandikwa kwamba limefutwa. Kurasa za daftari zina namba, tunatumia kalamu ya wino.

Tatizo ni nani aamue kikombe kipi kimetangulia. Watoto wangu wanajua kipi kilikuwa cha moto. Mimi pia najua. Nimeona mwamuzi awe mtu wa mbali, anayeletewa picha tu za A na B, kuanzia dakika ya 45 kwenda mbele ili asiuone mvuke wa mwanzo. Anaandika A au B au "sijui", ananirudishia. Sarafu zinafunguliwa baada ya picha ya jaribio la ishirini.

Nataka mwamuzi awe wewe.

---

mzalendo_iringa

Mwalimu, mimi nimesema wazi nataka Mpemba ashinde. Unanipaje kazi hiyo?

---

mwl_wa_kata

Kwa sababu hutajua kumpa ushindi upande gani.

---

mzalendo_iringa

Nimekaa nalo usiku kucha.

Sawa. Nakubali. Masharti mawili. Picha zije kwa mpangilio wa namba, isirukwe hata moja, hata iliyotoka na ukungu. Na matokeo yote 20 yapandishwe hapa kwenye uzi huu siku hiyohiyo, yakiwa kumi kwa kumi, yakiwa ishirini kwa sifuri, yakiwa ya baridi yote. Mimi ndiye nitakayeyapandisha.

---

barafu_za_mbagala

Mwalimu, ukisafisha friza usitumie kisu kukwangua, utatoboa bati gesi itoke. Zima, weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga, subiri. Halafu kausha kabisa kabla ya kuwasha, maji yakibaki chini ndiyo ukoko wa kwanza.

---

mwl_wa_kata

Nimeandika, dada. Iko ukurasa wa 1.